Kokwa Saba

Saa moja na nusu asubuhi, maduka bado yamelala,
vyuma vimeshushwa, na huko nje, Mabela,
joto limeshafika arubaini na tatu;
hata paka wa msikitini kajitia uvunguni mwa gari.
Humu ndani kuna baridi ya bure, sakafu ya kujitazamia,
na mama yangu, Bi Thuwaiba binti Khalfan,
miaka sabini na minane,
raba nyeupe chini ya buibui.

Mfuko wa kulia, kokwa saba za tende,
za kahawa ya alfajiri, zimeoshwa, zimekaushwa.
Kila akimaliza mzunguko, kokwa moja huhamia
mfuko wa kushoto.
"Kichwa changu sikiamini kwa hesabu," asema,
"lakini mfuko hauzeeki."

Daktari wa Al-Khoudh, kijana, sauti ya chini,
alituchorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa.
Hapa, akasema, pana pahala padogo
pamejikunja kama farasi wa baharini,
ndipo majina yanapolala.
Umri ukienda, hupungua.
Mtu akitembea kila siku, damu ikachemka,
huenda kukapungua huko kupungua.
Nikamuuliza: kutarudisha yaliyokwenda?
Akafunika kalamu yake.
"Siwaahidi kwamba mlango utafunguka.
Nasema tu, msiache kuzitia mafuta bawaba."
Mama, niliyedhani hasikilizi, akasema:
"Kijana huyu ana kucha safi."

Basi tunakuja. Yaani, yeye anakuja.
Mimi nakaa kwenye benchi mbele ya duka la udi,
na simu yangu, na tumbo langu,
na sukari yangu ya kurithi.

Mzunguko wa kwanza ananipita, ananiita Seif.
Seif ni kaka yake, alizikwa Wete mimi sijazaliwa.
"Seif, umeufunga mlango wa uani?"
Nimeufunga, namjibu.
Sijui kama ule ua bado upo.

Wa pili, anahesabu kwa Kiarabu.
Wa tatu, kwa Kiswahili, na kakasirika kidogo.
Wa nne yuko na Bi Shawana, wamekutana penye lifti,
wanabishana juu ya mchuzi wa papa,
ukwaju au ndimu kavu,
na kadiri ubishi unavyopanda ndivyo hatua zinavyoongezeka.
Kijana wa Kerala anayepiga deki
anaizima mashine yake, anawapisha
kama watu wanavyopisha jeneza,
la, kama wanavyopisha harusi.

Wa tano, ananitazama kwa kitambo
kama mtu anayesoma kibao kwa mbali.
Wa sita:
"Suleyum."
Hivyo tu, bila kusimama.
"Suleyum, kaa vizuri, utapinda mgongo."

Si kila siku. Niseme kweli.
Kuna Jumatatu kokwa zote saba zilihama
na mimi nikabaki Seif mpaka nyumbani,
nikamfungulia mlango wa gari nikiwa Seif,
nikala wali nikiwa Seif,
nikaambiwa mimi mtoto mzuri, lakini mwizi wa maembe.
Daktari alisema "huenda".
Neno jembamba hilo, na juu yake ndipo tunapotembea.

Jana mzunguko wa saba haukufika.
Nikangoja. Nikainuka. Nikapiga mbio,
mbio za mtu mnene, kandambili zinanizomea,
nikapita duka la vipodozi, duka la mazulia,
nikamkuta kwenye ngazi za umeme ambazo bado hazijawashwa,
anapanda kwa miguu yake, kidato kwa kidato,
mkono mmoja ukutani.
"Chini nimeshapazoea," akasema,
"miguu ilikuwa inasinzia."
Nilitaka kugomba; pumzi sikuwa nayo.
Akanitazama ninavyohema, akacheka
mpaka ushungi ukamteleza,
akatia mkono mfuko wa kushoto,
akanipa kokwa tatu, zina joto la mwili wake.

"Anza na hizi."